Nyoka mweusi ndani ya kiriba: uchambuzi wa kisa cha kitalu kimoja Mbeya

Kisa hiki kilitokea kwenye kitalu cha miche kando ya barabara kuu iendayo Zambia, upande wa Uyole, jijini Mbeya. Mwenye kitalu ni mama wa makamo anayeuza miche ya parachichi, waridi na maua ya vyungu kwa watu wanaojenga nyumba. Binti yake nilimfundisha biolojia, na ndiyo maana niliitwa. Nakiandika kwa kirefu kwa sababu mali ilikaribia kuchomwa na undugu ukakaribia kuvunjika, na chanzo ni mnyama asiyeweza hata kuuma kidole cha mtoto.

Ilikuwa Oktoba, kabla ya mvua. Mama alikuwa amepokea mizigo miwili kwa kufuatana. Wa kwanza ulikuja na fuso kutoka Dar es Salaam: mitende ya mapambo, kroton na bugenvilia, yote ikiwa kwenye viriba vya udongo wa Pwani. Wa pili ulikuwa mdogo, miche ya mikarafuu, zawadi ya wifi yake anayeishi Pemba, iliyovuka bahari kwa boti kisha ikapanda na basi. Mizigo yote iliwekwa chini ya neti moja ya kivuli, viriba vikabanana. Pembeni kulikuwa na lundo la samadi na udongo wa msituni ambao kitalu huutumia siku zote. Kwa hiyo udongo wa sehemu tatu ulikuwa umekaa mahali pamoja, na hilo ndilo lililofanya swali la "ametoka wapi?" liwe gumu kiasi kile.

Kijana wa kazi alikuwa anahamishia mtende kwenye chungu kikubwa. Alipochana kiriba, kitu chembamba cheusi kinachong'aa kilijikunja kati ya mizizi. Alidhani ni nyungunyungu, mpaka kilipotoa ulimi. Akampiga jembe, akamkata vipande viwili. Alipochana kiriba cha jirani akakuta wengine wawili, na hapo akapiga kelele.

Watu walijaa. Jirani mwenye gereji alisema hao ni watoto wa koboko na mama yao hayuko mbali. Mama mmoja muuza mboga akasema wanaingia masikioni mwa mtu aliyelala. Mtu mwingine alikwisha kuleta galoni la dizeli na kumimina kwenye viriba kadhaa kabla hajazuiwa. Kisha mzee mmoja wa mtaa, mtu anayeheshimiwa na asiyesema ovyo, akauliza kwa utaratibu kabisa mizigo ile ilitoka wapi. Pemba ikatajwa. Watu wakanyamaza kidogo, halafu mmoja wao akamwuliza mama: "Wifi yako mlikosana lini?"

Swali hilo moja lilitosha. Kutoka hapo mazungumzo hayakuwa tena juu ya nyoka. Yakawa juu ya mwanamke aliye mbali, aliyetuma miche kwa upendo, na ambaye hakuwepo kujitetea. Binti alinipigia simu: "Mwalimu, shikamoo. Samahani, unaweza kuja sasa hivi? Wanataka kuchoma miche ya shangazi."

Je, ana sumu?

Nilipofika niliomba mambo mawili: asimwage mtu kitu kingine chochote, na asishike mtu nyoka kwa mkono. Ombi la pili liliwashangaza waliokuwa wakitarajia mwalimu wa biolojia aseme "huyu hana neno". Lakini kanuni lazima itangulie utambuzi. Tanzania ina nyoka weusi wa udongoni wa jamii ya Atractaspis, nao si wa kuchezea. Meno yao ya sumu ni marefu, na wanaweza kuyatoa kwa pembeni bila kufungua kinywa. Ndiyo maana kumshika nyoka wa aina hiyo nyuma ya kichwa, kama watu wanavyofundishana, hakumlindi mshikaji. Ukiumwa, maumivu ni makali, mkono unavimba, na nyama ya kidole inaweza kuoza. Dawa ya kuzuia sumu yake haipo. Mtu akiokota kila nyoka mdogo mweusi kwa kuamini kwamba wadogo hawana madhara, ipo siku atakutana na huyo.

Wale wawili waliokuwa hai tuliwasukuma kwa kijiti waingie kwenye chupa pana ya asali, kisha tukageuza chupa na kuangalia tumbo. Jambo la kwanza la kutazama ni hilo. Nyoka karibu wote wa nchi kavu tunaowajua, kuanzia koboko na kifutu hadi chatu na hao Atractaspis, wana magamba mapana yanayokatiza tumbo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nyoka vipofu na nyoka uzi, nyoka wadogo wembamba wa udongoni wasio na sumu, hawana. Magamba ya tumboni ni madogo, ya mviringo, sawasawa na ya mgongoni, mwili mzima. Wale wa kwenye chupa walikuwa hivyo. Macho yao yalikuwa nukta mbili nyeusi chini ya gamba lililo angavu kidogo. Mkia ulikuwa butu, mfupi karibu sawa na upana wake, na ncha yake ina mwiba mdogo ambao mnyama huutumia kujisukuma ardhini. Akishikwa huuchomeka huo mwiba kwenye ngozi, na aliyeshika hudhani ameumwa. Hauna sumu.

Hoja ya watoto wa koboko niliijibu kwa rula. Koboko anapotoka kwenye yai huwa na urefu wa sentimita 40 hadi 60. Hawa hawakufika 15. Hata hivyo sikutaka watu waondoke wakiamini kwamba ufupi peke yake unatosha kumwondolea nyoka shaka, kwa sababu mtoto wa kifutu huzaliwa na urefu huo huo wa sentimita 15 hivi, na huzaliwa tayari ana sumu. Tofauti yake ni kwamba kifutu ni mnene hata akiwa mdogo, ana kichwa kipana kilichotengana na shingo, na mgongoni ana michoro inayoonekana wazi. Hawa walikuwa na unene wa mrija wa kalamu kuanzia kichwani hadi mkiani, rangi moja, hata ikawa shida kujua upande upi ni wa mbele.

Kuhusu masikio, nilimwomba yule mama wa mboga aangalie kinywa kwa kioo cha kukuzia. Kiko chini ya pua, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Chakula cha nyoka huyu ni mayai na mabuu ya sisimizi na mchwa. Hutoka juu ya ardhi hasa udongo unapojaa maji, baada ya mvua kubwa au bustani ikimwagiliwa sana, na hapo ndipo watu humkuta sakafuni au bafuni. Anachokimbia ni maji tu.

Ametoka wapi?

Kama ingekuwa ni suala la usalama pekee, kisa kingeisha hapo. Lakini mzee alikuwa bado amesimama, na swali lake lilikuwa halijajibiwa. Alirudia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nimekuelewa kwamba hana sumu. Mimi nauliza ni wa Pemba au si wa Pemba."

Swali lilikuwa halali, tena la kisayansi kuliko alivyodhani, kwa kuwa Pemba kweli ina nyoka wake. Kisiwa kile kimetenganishwa na bara na mkondo wa bahari wenye upana wa kilomita 50 hivi na kina cha mamia ya mita, tofauti na Unguja ambayo bahari kati yake na bara ni ya kina kifupi. Wanyama waliobaki Pemba wamekaa peke yao muda mrefu sana. Ndiyo maana kuna popo wa Pemba, kuna bundi wa Pemba, na kuna nyoka uzi wa Pemba, Leptotyphlops pembae, aliyepewa jina hilo na Arthur Loveridge mwaka 1941. Ni mdogo, hachomi, haumi, anaishi udongoni, na hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani. Mwaka 2007 kisiwa hicho hicho kilipata jina jingine kwenye orodha ya sayansi, nyoka kipofu aitwaye Letheobia pembana. Kwa hiyo mtu aliyesema "huenda ametoka kwenye mikarafuu" hakusema upuuzi.

Uwezekano wa pili ulikuwa nyoka wa hapa hapa, aliyeingia na samadi au udongo wa msituni. Nyanda za Juu zina nyoka uzi na nyoka vipofu wa kwake. Watu hukutana nao wakipalilia, na wengi huwaua wakidhani ni minyoo mikubwa.

Uwezekano wa tatu ulikuwa mgeni kutoka Asia, Indotyphlops braminus, ambaye ameenea mwambao wetu, Dar es Salaam na Zanzibar zikiwemo, na ambaye dunia nzima anajulikana kama nyoka wa vyungu vya maua.

Kuwatofautisha hawa kwa macho matupu ni kubahatisha. Kinachoamua ni hesabu ya magamba. Ukizunguka katikati ya mwili wa nyoka uzi wa jenasi ya Leptotyphlops unahesabu safu 14. Ukimzunguka yule mgeni wa Asia unahesabu 20. Mnyama hai wa unene ule hakubali kuhesabiwa, hivyo tulitumia yule aliyekatwa na jembe. Tulimweka kwenye spiriti, tukampeleka shuleni kwenye hadubini, na nilimwomba mzee aje pamoja nasi. Sikutaka apelekewe jibu nyumbani. Nilitaka alione.

Alikuja akiwa amevaa koti lake la sherehe. Tulimweka nyoka kwenye sahani ya kioo, nikawa nasogeza ncha ya pini gamba kwa gamba, binti anaandika, mzee anaangalia. Safu 20. Mzee akaomba turudie kutoka upande wa pili. Safu 20 tena. Tukaangalia kidevu na eneo la chini ya mkia, sehemu ambazo mgeni huyu mara nyingi huwa na weupe, na weupe ulikuwepo. Picha zilizopigwa kupitia hadubini zilitumwa kwa mtaalamu wa wanyama watambaao, naye akajibu vivyo hivyo.

Ushahidi wa viriba ulikwenda upande huo huo. Nyoka wote watatu walitoka kwenye viriba vya mitende iliyokuja na fuso. Miche ya mikarafuu tuliimwaga mmoja mmoja juu ya turubai jeupe, udongo ukachambuliwa kwa vidole: jongoo, sisimizi, nyungunyungu. Nyoka hakuwepo. Peke yake hilo lisingetosha, maana viriba vilikuwa vimebanana na nyoka mwembamba hupita kwenye tundu la kutolea maji. Likiwa pamoja na hesabu ya magamba, linatosha.

Mzee alisema, "Basi huyu si wa Pemba." Alisema hivyo mbele ya watu, mtaani, jioni ile ile, na neno lake lilifanya kazi ambayo langu lisingeweza.

Nilifurahi, lakini hapa ndipo panaponigusa zaidi katika kisa chote. Wifi alisafishwa na idadi ya magamba. Je, kama tungehesabu 14? Je, kama nyoka uzi wa Pemba angekuwa kweli amejikunja kwenye mizizi ya mkarafuu? Mwanamke yule angekuwa hana hatia kwa kiasi kile kile. Nyoka wa udongoni husafiri na udongo. Mtu aliyejaza kiriba hamwoni, aliyebeba hamwoni, na aliyepokea hamwoni mpaka siku ya kuhamisha mche. Fuso la Dar es Salaam lilileta watatu na hakuna aliyemwuliza dereva wake alikosana na nani. Shaka ilikwenda Pemba kwa sababu ya sifa ya uchawi ambayo watu wa bara wamekibandika kisiwa kile, ikamfuata mtu ambaye kosa lake ni kuwa na anwani huko. Nilimwambia mama hivyo kwa uwazi, na nilimwambia mzee pia, kwa heshima lakini bila kuzunguka. Alisikiliza na kuitikia kwa kichwa. Hakunijibu, nami sikumdai jibu.

Huyu mgeni ni nani

Ni mnyama wa ajabu kuliko hofu iliyomzunguka. Sayansi ilimpa jina mwaka 1803, kupitia Mfaransa Daudin, kutokana na nyoka wa India. Urefu wake wa kawaida ni sentimita 6 hadi 17. Wote ni majike. Hakuna dume, na hahitajiki: jike hutaga mayai machache yasiyorutubishwa, na kila yai hutoa jike mwingine aliye nakala ya mama yake. Wanyama wengi wana seti mbili za kromosomu. Yeye ana tatu, jumla 42. Ni nyoka pekee anayejulikana ambaye spishi yake nzima inaishi kwa namna hiyo.

Ukiunganisha mambo hayo, unaelewa jinsi alivyoizunguka dunia. Nyoka wengine wakihamishwa, kwa kawaida lazima dume na jike wafike na wakutane. Huyu anahitaji kiriba kimoja, jike mmoja na sisimizi. Alifika hata Hawaii, mahali ambapo hapakuwa na nyoka wa nchi kavu, kwa kufichama kwenye udongo wa mimea. Amefika Seychelles na Komoro, Marekani na Australia. Hakuna aliyemkusudia.

Uvumilivu wake umeandikwa pia. Timor-Leste, watafiti walimwona mmoja akitoka akiwa hai kwenye sehemu ya nyuma ya chura aliyemmeza. Japani, mwaka 2015, iliripotiwa kwamba akila mchwa mara nyingine hukata kichwa kwanza na kukiacha, kisha humeza mwili ulio laini. Binti wa mama mwenye kitalu alicheka sana aliposikia habari ya chura, na kicheko hicho kilikuwa cha kwanza nyumbani kwao tangu dizeli imwagwe.

Uamuzi

Watu walitarajia niseme nyoka waachiwe porini kwa kuwa hawana madhara. Nilisema hapana, na sababu ni milima hii yenyewe. Msitu wa Rungwe, Mporoto, Livingstone na Udzungwa ni visiwa vya baridi na ukungu vilivyozungukwa na nchi kavu, na wanyama wake wadogo wamekaa peke yao kama wale wa Pemba. Kipunji, kima mkubwa wa kuonekana wazi, alitambuliwa na sayansi mwaka 2005 tu. Kifutu mwenye pembe wa Matilda, anayepatikana kusini magharibi mwa Tanzania peke yake, alielezwa mwaka 2011, na mahali anapoishi pakafichwa ili wafanyabiashara wa nyoka wasimmalize. Kama wakubwa hao wamechelewa kuonekana hivyo, sitaki tupeleke mgeni anayejizalisha bila mwenzi katikati ya wadogo wa udongoni ambao hakuna anayewatazama.

Hoja kwamba baridi ya Mbeya itamuua mgeni sikuikubali iwe ndiyo kinga yetu. Juni na Julai kweli ni baridi kali hapa, lakini kitalu kina lundo la samadi linalochemka mwaka mzima, na vyungu vyake vinakwenda kukaa sebuleni.

Kwa hiyo wale wawili hawakuachiwa. Walihifadhiwa kwenye spiriti pamoja na mwenzao, na wako kwenye maabara ya shule wanafunzi wajifunzie. Mzigo wote wa fuso ulitengwa na kusimamishwa kuuzwa. Kila mche ulitolewa kwenye kiriba juu ya turubai, mizizi ikasuuzwa kwenye ndoo, ukapandwa upya kwenye udongo wa hapa. Udongo wa Pwani ulilowanishwa, ukatandazwa na kufunikwa kwa nailoni angavu juani mpaka mvua zilipoanza. Jua la Oktoba Uyole, ingawa hewa ni ya baridi, linaupasha udongo uliofunikwa namna hiyo kiasi cha kuweza kuua mayai yaliyobaki. Njia hiyo haina gharama wala sumu.

Dizeli ndiyo iliyoleta hasara halisi. Mitende iliyomwagiwa ilikauka majani na kufa, na udongo wake ulibidi uondolewe kabisa, maana haufai hata kwa mchicha. Fedha iliyopotea pale ni nyingi kwa mama mwenye kitalu kidogo, na hakuna nyoka aliyeipoteza.

Sasa mama ana utaratibu wake. Mzigo wa kutoka mbali haukai chini ya neti kuu. Unakaa pembeni, juu ya matofali, mpaka viriba vichache vimechanwa na kukaguliwa kwanza. Anamwuliza muuzaji udongo ulichotwa wapi. Wateja wanaonunua mche wa kupeleka Tukuyu au karibu na Kitulo huwapa ulio kwenye udongo wa hapa tu. Nyoka mdogo akionekana kwenye udongo wa kitalu chake mwenyewe, ambao haukutoka mbali, anamfunika kwa udongo na kuendelea na kazi, kwa kuwa huyo ni wa kwetu na anakula mchwa. Na akionekana mweusi mwenye magamba mapana tumboni, kila mtu anarudi nyuma.

Miche ya mikarafuu haikuchomwa. Lakini mkarafuu ni mti wa joto na ukanda wa chini, na Uyole, kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,700, usingeweza kustawi hata kama ungeombewa na mtaa mzima. Mama alimpigia wifi yake na kumweleza yote, pamoja na lile swali la "mlikosana lini", kwa sababu hakutaka alisikie kwa mtu mwingine. Wifi alilia kwanza, kisha akauliza kama kuna ndugu yao yeyote Kyela. Yupo, ana shamba la kakao. Miche ilisuuzwa mizizi kama ile mingine na kupelekwa kule, imepandwa kwenye kivuli cha kakao, na wifi ameahidi kuja kuiona ikianza kuchanua.